Msumeno Usio na Meno: Diski ya Almasi na Ukataji wa Vigae

Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huo humletea msikilizaji picha ya gogo refu, wapasuaji mbao wawili, na meno ya chuma yanayokwenda na kurudi huku unga wa mbao ukimwagika chini. Lakini siku hizi, katika kila mji wa Afrika ya Mashariki unaojengwa, husikika mlio wa msumeno wa namna nyingine kabisa. Huu ni wa mviringo kama sahani, hauna jino hata moja, na hukata kwa upande mmoja tu, ule ulioonyeshwa na mshale uliochorwa ubavuni mwake. Hata hivyo hukipasua kigae cha kauri ambacho msumeno wa seremala, hata ungenolewa namna gani, ungekipapasa tu na kupoteza meno yake. Chombo hicho ni diski ya almasi.

Nchini Tanzania mafundi na wenye nyumba wamezoea kuviita vigae vya sakafuni "marumaru". Marumaru halisi ni jiwe la asili ya chokaa, nacho kigae ni udongo uliochomwa tanuri. Kosa hilo la jina halina madhara dukani, ila lina madhara pale kazi inapoanza, kwa kuwa marumaru hukwaruzwa kwa ncha ya kisu cha jikoni, na kauri haikwaruzwi. Ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kinadai diski ya namna yake.

UGUMU SI UIMARA

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi katika ngazi, kila moja likiwa na uwezo wa kulikwaruza lile lililo chini yake. Ulanga uko ngazi ya 1, madini ya marumaru ngazi ya 3, feldispa ngazi ya 6, kwatzi ngazi ya 7, korandamu ngazi ya 9, na almasi ngazi ya 10. Feleji iliyokazwa kwa moto huwa karibu na 6 au 7. Mwili wa kigae kizuri cha sakafu umejaa chembe za kwatzi pamoja na kioo kilichoyeyuka na kuganda wakati wa kuchomwa. Kwa hiyo feleji na kigae hukaribiana kwa ugumu, na katika mashindano ya wenye nguvu sawa hakuna anayemkata mwenzake.

Wanafunzi wengi hudhani kuwa kutoka ngazi ya 9 hadi ya 10 ni hatua ndogo. Sivyo. Ngazi za Mohs ni mpangilio tu, si kipimo. Ukipimwa kwa kuligandamiza jiwe kwa ncha kali chini ya mzigo unaojulikana, ugumu wa almasi huonekana kuwa mara tatu au nne ya ule wa korandamu, ilhali korandamu nayo ni kama mara mbili na nusu ya kwatzi.

Hata hivyo ugumu si sawa na uimara. Kigae ni kigumu, lakini ni kitu cha kupasuka: huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo mno kuvutwa. Mwaka 1913 Mwingereza C. E. Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba penye kona kali au ufa ndani ya bamba, mkazo hujikusanya na kuwa mkubwa mara nyingi kuliko mkazo uliopo mbali na hapo. Miaka minane baadaye, mwaka 1921, A. A. Griffith aliyekuwa akichunguza kioo alieleza kwa nini nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho huamua nguvu ya kitu kizima. Fundi anayekikwaruza kigae kwa gurudumu dogo la kabaidi ya tangsteni, kisha akakikalia juu ya waya na kukivunja katika mstari, anaitumia nadharia ya Griffith hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Njia hiyo ni ya haraka, haina vumbi wala umeme, na inafaa kwa mikato mirefu iliyonyooka. Haifai pale kigae kinapotakiwa kukatwa umbo la L kukizunguka kisanduku cha swichi, wala pale panapotakiwa ukanda mwembamba wa sentimita moja, wala kwa kauri nene. Hapo ndipo diski inapohitajika.

KOSA LA PETRIE

Wazo la kukata jiwe kwa chembe ngumu zinazobebwa na chuma laini ni la kale mno. Wamisri waliojenga mapiramidi ya Giza hawakuwa na chuma cha kufaa kazi hiyo. Walikuwa na shaba, ambayo ni laini kuliko itale. Hata hivyo jeneza la mawe la Farao Khufu, lililochongwa katika itale, lina alama za msumeno hadi leo. Mwingereza Flinders Petrie, aliyezipima alama hizo na kuchapisha kazi yake mwaka 1883, aliamini kwamba misumeno ya Wamisri ilikuwa imepachikwa vito vigumu. Wataalamu waliokuja baadaye walimpinga. Majaribio ya kukata itale kwa bamba la shaba na mchanga mkavu yalifaulu: mchanga, ambao ni kwatzi, hujipachika katika shaba laini kwa muda, hukwaruza jiwe, huvunjika, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Jiwe huliwa, na shaba nayo huliwa.

Kwa hiyo Petrie alikosea kuhusu Wamisri, lakini alikuwa amekieleza chombo kinachouzwa leo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Diski ya almasi ni huo msumeno aliouwaza: chuma kilichopachikwa vito.

NDANI YA DISKI

Moyo wa diski ni bamba jembamba la feleji lenye tundu katikati. Ukingo wake umezungushiwa ukanda mnene kidogo kuliko bamba, na ukanda huo ndio unaokata. Hutengenezwa kwa unga wa metali, kama vile kobalti, bronzi au chuma, uliochanganywa na chembe za almasi ambazo nyingi hazifiki nusu milimita, kisha mchanganyiko ukashindiliwa na kuokwa hadi chembe zikashikamana bila ya kuyeyuka zote. Viwandani kiasi cha almasi hutajwa kwa namba: mkusanyiko wa 100 maana yake ni karati 4.4 katika kila sentimita moja ya ujazo. Karati moja ni gramu 0.2, na sentimita moja ya ujazo ya almasi ina uzito wa gramu 3.5, mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba almasi hapo huchukua robo ya ujazo wote. Diski nyingi za vigae huwa na kiasi kidogo zaidi ya hicho.

Msomaji atajiuliza ni vipi kitu kilichopachikwa almasi huuzwa kwa bei ambayo fundi wa mtaani huimudu. Zamani almasi za viwandani zilichimbwa ardhini. Mgodi wa Mwadui huko Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ulitoa mawe ya vito pamoja na ya viwandani, nayo machimbo ya Kasai nchini Kongo, karibu na Mbuji-Mayi, yalijulikana zaidi kwa almasi ndogo zenye rangi ya giza, zisizofaa pete bali zinazofaa sana kusaga. Kisha tarehe 16 Desemba 1954, katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, Tracy Hall alitengeneza almasi kwa kuigandamiza kaboni kwa nguvu ya hewa ya kawaida mara laki moja hivi, katika joto la nyuzi 1,600 za Sentigredi. Wasweden wa kampuni ya ASEA walikuwa wamefanikiwa mwaka mmoja na zaidi kabla yake, ila walinyamaza. Leo karibu almasi zote za viwandani hutengenezwa na binadamu, na China inaongoza.

Sasa linakuja jambo ambalo huwashangaza hata mafundi wa miaka mingi. Almasi iliyo usoni mwa ukanda hukwaruza kigae mpaka ncha zake zikalainika au ikang'oka. Ili kazi iendelee, metali inayoishika lazima iliwe polepole, almasi mpya iliyokuwa imezikwa chini ijitokeze. Kinachoila metali hiyo ni unga wa kigae chenyewe. Kitu laini chenye unga mwingi mkali, kama tofali la mchanga na saruji, huila metali haraka, na kwa hiyo hukatwa kwa diski yenye metali ngumu. Kauri iliyoshikamana hutoa unga mwembamba usio na nguvu ya kuila metali, na kwa hiyo hudai metali laini. Kwa ufupi, kigumu hukatwa kwa diski laini, na laini kwa diski ngumu. Anayenunua diski moja ya "kukata kila kitu" amenunua diski isiyo bora kwa chochote.

Diski isiyolingana na kazi hujitambulisha. Ukingo wake hung'aa na huwa laini ukipapaswa, kwa kuwa almasi zilizochakaa zimebaki katika metali isiyolika. Cheche huonekana kuuzunguka ukingo, mlio hubadilika, na kigae hakisogei. Hapo fundi asiyeelewa huongeza nguvu ya mkono, joto huongezeka, na mambo huharibika zaidi. Dawa yake ni kuikatisha diski hiyo mara kadhaa katika tofali la mchanga na saruji, au katika kipande cha jiwe la kunolea, huku maji yakimwagika. Mchanga huila metali iliyong'aa na almasi mpya hufunuka. Seremala hunoa msumeno wake kwa tupa. Fundi wa vigae hunoa diski yake kwa kuichakaza.

KUIFUNGA DISKI

Kabla ya yote plagi hutolewa katika soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Tundu la diski lazima likae sawasawa juu ya mhimili wa mashine. Diski za grenda nyingi za mkono zina tundu la milimita 22.2, na mashine za mezani zina vipimo vyake vingine. Diski yenye tundu kubwa kuliko mhimili huhitaji pete ya kati iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuizungushia utepe, kama inavyofanyika pengine, ni kuitoa diski katikati; kila inapozunguka huruka kwa upande mmoja, hukigonga kigae mara elfu kadhaa kwa dakika, na hula ukingo wake upande mmoja tu.

Sahani mbili zinazoibana diski zipanguswe. Chembe moja ya mchanga iliyonaswa chini ya sahani huipinda diski kidogo karibu na mhimili, na upindo huo hukua kadiri unavyokwenda ukingoni: kosa la milimita 0.1 katika umbali wa milimita 20 huwa kama nusu milimita katika umbali wa milimita 90. Mstari wa mkato utakuwa mpana na wenye mikwaruzo, na fundi atailaumu diski. Mshale wa ubavuni uelekee mzunguko wa mashine. Sababu yake si desturi tu. Kila almasi inapokata huacha nyuma yake mkia wa metali usiolika, unaoiegemeza mgongoni. Diski ikigeuzwa, almasi hupoteza egemeo lake na kung'oka kabla ya wakati.

Katika mashine ya mezani kuna pia kazi ya kuhakikisha kwamba kizuizi kinachoongoza kigae ni mraba kwa diski. Skwea ya seremala yafaa, lakini ipo njia bora zaidi ambayo mwalimu wa hisabati ataipenda. Kigae kibovu chenye upande mmoja ulionyooka huegemezwa kwenye kizuizi na kukatwa vipande viwili. Kipande kimoja hupinduliwa uso chini, kisha vyote viwili huegemezwa tena kwenye ubao ulionyooka na kingo zilizokatwa kuunganishwa. Kama pembe ilikuwa nyuzi 90 kamili, kingo zitagusana kote. Kama ilipotoka kwa nusu ya nyuzi, mwanya utakaoonekana utakuwa wa nyuzi nzima, maana kosa limejidhihirisha mara mbili. Njia hii haihitaji skwea ambayo nayo huenda imepinda.

MWENDO WA UKINGO

Grenda ndogo hubeba diski ya milimita 115 na huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Mzingo wa diski hiyo ni kama milimita 361. Ukizidishwa kwa mizunguko na kugawanywa kwa sekunde 60, mwendo wa ukingo huwa mita 66 kwa sekunde, yaani kilomita 238 kwa saa. Mashine ya mezani yenye diski ya milimita 180 na mota ya mizunguko 2,950 huwa na mwendo wa mita 28 tu kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo moja ya sababu za mashine ya mezani kukata kwa utulivu zaidi.

Gramu moja ya metali iliyo ukingoni mwa ile diski ndogo huvutwa kuelekea katikati kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 7 na zaidi. Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kuithibitisha kwa kuchukua mraba wa mwendo na kuugawanya kwa nusu kipenyo: jibu ni kama mita 76,000 kwa kila sekunde ya mraba. Sasa wako watu wanaoing'oa kinga ya grenda ndogo ili waweze kufunga diski kubwa ya milimita 230, wakitaka kukata kwa kina zaidi. Diski hiyo imeandikwa kikomo cha mizunguko 6,600 hivi, sawa na mita 80 kwa sekunde. Ikizungushwa mara 11,000, ukingo wake huenda mita 132 kwa sekunde. Kani inayotaka kuirarua hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo haizidi kwa asilimia 65 kama mwendo ulivyozidi, bali hufikia mara 2.7 ya ile iliyokusudiwa. Kipande kitakachochomoka hakitakutana na kinga yoyote, maana kinga imeshawekwa kando. Hili si jambo la kulijaribu, na kila anayeliona likifanywa ana wajibu wa kusogea mbali na kusema.

MAJI, JOTO NA UMEME

Almasi ina adui mmoja mkubwa, nao ni joto. Ni kaboni tupu, na penye hewa huanza kuungua na kuharibika katika nyuzi 700 hadi 800 hivi. Bamba la feleji nalo likipata joto kupita kiasi hupoteza mkazo uliowekwa ndani yake kiwandani, na huanza kuyumba kama karatasi. Maji huzuia yote mawili. Mota ya wati 800 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hugeuza takriban nishati yake yote kuwa joto, yaani jouli 48,000 kwa dakika. Lita moja ya maji hupanda nyuzi moja kwa kila jouli 4,200. Hivyo lita moja kwa dakika ingepanda nyuzi 11 au 12 tu, hata kama ingebeba joto lote peke yake. Ni kinywaji cha bei nafuu kwa chombo cha bei ghali.

Lakini maji na umeme havipatani. Katika majengo mengi huonekana fundi ameshika grenda ya mkono, na kijana msaidizi akimimina maji kutoka katika chupa iliyotobolewa kifuniko. Nia ni njema: wanataka kupunguza vumbi. Hata hivyo grenda ya kawaida hupuliza hewa ndani yake ili kuipoza mota, na matone huvutwa humo. Mwili wa mtu aliyelowa huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Kwa umeme wa volti 230, mkondo utakuwa miliampea 230, na chini ya nusu ya kiasi hicho yatosha kuusimamisha moyo. Fyuzi ya soketi haitajua lolote, kwa kuwa hukatika kwa ampea kadhaa. Kinachoweza kuokoa ni swichi maalumu inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kukata umeme mara tofauti inapofika miliampea 30. Kazi ya maji ifanywe kwa mashine ya mezani iliyoundwa kwa maji, yenye waya wa ardhini, iliyounganishwa kupitia swichi hiyo. Waya wake uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotambaa juu yake yadondoke sakafuni na yasiingie katika plagi.

MKATO WENYEWE

Kigae huwekwa uso juu. Sehemu ya diski inayokabili fundi mezani hushuka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo tabaka la kioo la usoni husukumwa kuelekea mwili wa kigae na kubanwa. Upande wa chini ndio unaovutwa na kumeguka, na huko hakuna atakayeuona. Kigae kisukumwe kwa mwendo ambao diski yenyewe inaukubali. Sauti ikishuka, mkono unazidi. Wengi huharibu kazi katika sentimita mbili za mwisho, ambapo daraja lililobaki kati ya vipande viwili huvunjika lenyewe kabla halijakatwa na kuacha pembe iliyomeguka. Fundi mwangalifu huanza kwa kukata sentimita mbili au tatu kutoka mwisho wa mstari, kisha hukigeuza kigae na kuanza mwanzoni, ili mikato ikutane mahali ambapo hapana kona ya kuvunjika.

Kwa umbo la L, tundu dogo litobolewe kwanza penye kona ya ndani kwa keekee yenye ncha ya almasi, na mikato miwili iishie katika tundu hilo. Hapo Inglis anarudi: kona ya duara haikusanyi mkazo kama kona kali, na kigae hakitapata ufa miezi kadhaa baadaye, siku ambayo mtu ataweka kabati zito juu yake. Upana wa mkato, ambao ni milimita mbili au karibu, uhesabiwe katika vipimo. Diski ikae upande wa kipande kitakachotupwa.

VUMBI

Yote yaliyokwisha kuelezwa yahusu kigae na chombo. Linalobaki lahusu mapafu ya binadamu, na ndilo kubwa.

Kigae kikikatwa kikavu hutoa wingu jeupe ambalo ndani yake mna kwatzi. Chembe kubwa hukamatwa puani na kooni, hutemwa, na hazidhuru sana. Zilizo ndogo kuliko mikrometa 5 hivi hufika ndani kabisa, katika vifuko vidogo vya hewa. Seli za ulinzi huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, na hufa. Seli nyingine huja, nazo hufa. Na mahali hapo pafu hujenga kovu. Kovu halipanuki na halipitishi hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, pengine mapema kama vumbi ni jingi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mgonjwa awe mwepesi wa kushikwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha silika ya fuwele inayovutwa kazini miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya mapafu. Miaka ya 1930 na 1931, katika uchimbaji wa handaki la Hawks Nest huko West Virginia, Marekani, wafanyakazi waliotoboa mwamba wa silika bila maji walikufa kwa mamia, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi. Na mwezi Julai 2024 Australia ilipiga marufuku mawe ya kuundwa yanayotumiwa juu ya meza za jikoni, baada ya vijana wa kazi hiyo kupatikana na silikosisi. Kigae kina silika kidogo kuliko mawe hayo, lakini fundi wa vigae hukata kila siku, tena mara nyingi ndani ya chumba kilichofungwa.

Ubaya wa chembe hizo ni kwamba hazionekani na hazianguki. Kwa kanuni ya Stokes, chembe ya kwatzi yenye kipenyo cha mikrometa 5 huanguka katika hewa tulivu kwa milimita 2 kwa sekunde, na kutoka kimo cha pua ya mtu hufika chini baada ya dakika 13 hivi. Yenye mikrometa 1 huanguka polepole mara 25 zaidi, na huchukua zaidi ya saa 5. Fundi anayeivua barakoa yake mara wingu linapotoweka anaivua wakati chembe mbaya kuliko zote zingali hewani. Kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii kitu, kwa sababu matundu kati ya nyuzi zake ni makubwa mara nyingi kuliko chembe yenyewe. Yafaa barakoa ya kuchuja iliyotengenezwa kwa vumbi la namna hiyo, tena iwe imekaza usoni. Bora zaidi ni maji, kwa kuwa huizuia chembe isipate hata kuruka.

Maji yenyewe hubadilika kuwa tope, na tope likikauka sakafuni na kufagiliwa huwa vumbi lile lile. Lizolewe likiwa bado bichi, wala lisimwagwe katika bomba la maji machafu, ambamo hutuama na kuziba.

Mwalimu anaweza kuligeuza tope hilo kuwa somo. Kijiko kimoja chake kitiwe katika chupa ndefu ya kioo yenye maji ya kina cha sentimita 10, itikiswe, iachwe mezani bila kuguswa. Chembe kubwa zitashuka mbele ya macho ya wanafunzi katika sekunde chache na kufanya tabaka la kijivu chini. Maji ya juu yataendelea kuwa na ukungu. Katika maji, chembe ya mikrometa 5 huhitaji yapata saa moja na robo kushuka sentimita hizo 10, muda unaolingana na vipindi viwili vya darasa hivi. Kengele ya kumaliza kipindi cha pili itakapolia, wanafunzi waiinue chupa kuelekea dirishani: ukungu utakaokuwa ungali umeelea ni chembe za ukubwa ule unaofika mwisho wa pafu.